Pozzuoli: Nguzo Tatu na Siku Saba



Juma hili walifika ofisini kwangu waamini wachache wanaojiandaa kwenda kuhiji Italia. Walikuwa na karatasi mkononi, imeandikwa majina ya mahali na saa za kuwasili na kuondoka. Mmoja wao akaniuliza: “Padre, wewe ulishafika kule. Tukitoka Roma tukawa na siku moja ya ziada, twende tukaone nini?” Nikawatajia mji mmoja wa pwani, nikawaeleza namna ya kufika kwa treni, wakaandika, wakaaga. Walipokwisha ondoka, dhamiri ikanisuta, kwa maana nilikuwa nimewajibu kama mwongoza watalii na si kama padre. Basi leo naomba niwajibu upya, na ninyi wengine mkisikiliza.

Mji wenyewe ni Pozzuoli, magharibi ya Napoli, kando ya ghuba ileile inayotazamwa na mlima Vesuvius kutoka upande wa mashariki. Wagiriki waliotoka kisiwa cha Samo waliishi hapo zaidi ya miaka mia tano kabla ya Kristo, wakauita Dicearchia, yaani mahali pa utawala wa haki. Warumi walipoufanya koloni lao mwaka 194 kabla ya Kristo waliuita Puteoli. Kabla ya bandari kubwa kujengwa karibu na Ostia, hapo ndipo zilipotia nanga meli za ngano kutoka Aleksandria ya Misri, na mkate wa Roma ukapita katika gati zake.

Sisi Wakristo tunaufahamu mji huo kwa sababu nyingine. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 28, kinasimulia kwamba Mtume Paulo, akiwa mfungwa anayepelekwa kwa Kaisari, alivunjikiwa na meli Malta, akangoja majira ya baridi yapite, kisha akapandishwa katika meli ya Aleksandria iliyokuwa na alama ya wale mapacha wa kipagani. Akapitia Sirakusa na Regio, upepo wa kusini ukavuma, na siku iliyofuata akashuka Puteoli. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 60 au 61 baada ya Kristo. Hebu tafakarini jambo hili: alipokuwa akiingia katika ghuba ile, Pompeii na Herculaneum ilikuwa bado miji hai, yenye masoko na watoto wachezao barabarani. Miaka isiyozidi ishirini baadaye, mwaka 79, Vesuvius ulilipuka na kuifunika yote miwili.

Pozzuoli ilisalimika siku ile. Hata hivyo isidhaniwe kwamba imejengwa mahali salama, kwa maana volkano yake iko chini ya miguu ya wakazi wake. Wataalamu wanaiita Campi Flegrei, yaani mashamba yawakayo moto: si mlima mmoja, bali ni bonde kubwa lenye upana wa kilomita zaidi ya kumi na mbili, lililodidimia baada ya milipuko ya kutisha ya zamani sana, ambayo mkubwa wake ulitokea miaka ipatayo 39,000 iliyopita. Mlipuko wa mwisho ulitokea mwaka 1538. Kwa muda wa kama juma moja kilizuka kilima kipya kabisa, kinachoitwa Monte Nuovo hadi leo, na kijiji cha Tripergole kikapotea chini yake.

Tangu hapo volkano haijalipuka, lakini haijalala pia. Ardhi ya Pozzuoli hupanda na kushuka polepole, mithili ya kifua cha mtu apumuaye. Waitaliano huiita hali hiyo bradisismo, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake mwendo wa taratibu. Kati ya mwaka 1969 na 1972 ardhi ilipanda zaidi ya mita moja na nusu. Kati ya 1982 na 1984 ikapanda tena karibu mita mbili. Tangu mwaka 2005 inapanda kwa mara nyingine, na imekwisha kupita mita moja. Bahari ya bandari ndogo ya wavuvi imekuwa na kina kifupi kiasi kwamba mashua nyingine hukaa juu ya matope.

Mwenye kutaka kuuona mwendo huo kwa macho yake na aende katikati ya mji, kwenye magofu ya soko la Kirumi. Watu waliyaita hekalu la Serapi, kwa sababu sanamu ya mungu huyo ilichimbuliwa pale mwaka 1750, ila ukweli ni kwamba lilikuwa soko. Hapo zimesimama nguzo tatu ndefu za marumaru. Kuanzia chini marumaru ni laini. Ukiinua macho, mita kadhaa juu, unakuta mkanda mpana wenye vishimo vingi, kana kwamba jiwe limeliwa na mchwa. Vishimo hivyo vilitobolewa na viumbe wa baharini wa jamii ya kombe, ambao huishi ndani ya maji tu. Maana yake, nguzo zilizojengwa nchi kavu zilizama baharini hadi urefu ule, kisha zikainuliwa tena, nazo hazikuanguka. Mskoti Charles Lyell, mmoja wa baba wa elimu ya miamba, alifika kuzitazama mwaka 1828, na picha yake akaiweka mwanzoni mwa kitabu chake kikuu kilichotoka mwaka 1830.

Nami nilizitazama, mwezi Oktoba 2023. Nilikuwa Roma kwa shughuli za kikanisa, nikapata siku moja ya mapumziko, nikapanda treni asubuhi na mapema. Mfukoni nilikuwa na karatasi kama ile ya waamini wangu wa juma hili: nguzo tatu, uwanja wa michezo wa Kirumi, Solfatara, kanisa kuu, kisha treni ya jioni. Nilipiga picha nyingi. Nilisimama mbele ya Solfatara, ile kasoko itoayo moshi wa kiberiti, ambayo watu wa kale waliiona kuwa makao ya Vulkano, mungu wao wa moto. Ilikuwa imefungwa tangu mwaka 2017, walipofariki humo watu watatu wa familia moja, baba, mama na mtoto wao. Nikawaombea, kisha nikaitazama saa yangu.

Saa kumi za alasiri nilipita mbele ya kanisa dogo karibu na bandari. Ulikuwa mwezi wa Rozari, na ndani akina mama wazee wapatao kumi na wawili walikuwa wakisali. Nikapiga magoti nyuma. Walipomaliza, mmoja wao akaja kuniuliza kama mimi ni padre. Nikakiri. Akanieleza kwamba siku zile ardhi ilikuwa ikitetemeka mara kwa mara, usiku watu hawalali vizuri, wengine wanalala ndani ya magari. Wangefurahi, akasema, kama ningebaki kwa Misa ya jioni, kisha nikala nao chakula cha usiku. Mahali pa kulala pangepatikana.

Mpendwa msomaji, nitakueleza ukweli. Nilimshukuru kwa maneno mazuri, nikampa baraka, nikaenda zangu. Uwanja wa Kirumi ulikuwa karibu kufungwa, nami sikuwa nimeuona.

Niliuona. Ni mkubwa kweli, wa tatu kwa ukubwa kati ya viwanja vya namna hiyo katika Italia ya kale, baada ya ule wa Roma na wa Capua. Vyumba vyake vya chini ya ardhi, walimofungiwa wanyama wakali, vimehifadhika ajabu. Humo, kadiri ya mapokeo, ndimo walimohukumiwa kuraruliwa na wanyama Mtakatifu Gennaro, Askofu wa Benevento, na wenzake, katika dhuluma ya Kaisari Diokletiano, kabla ya kukatwa vichwa karibu na Solfatara mwaka 305. Na Askofu wa Benevento alikuwa akitafuta nini Pozzuoli? Mapokeo yanasema alikuja kumtembelea shemasi Sosso aliyekuwa gerezani. Alifunga safari kwa ajili ya mtu, na ziara hiyo ikamgharimu maisha. Nami nilisimama juu ya vyumba vile nikiwa nimetoka kuwakimbia watu ili nije kuyaona mawe.

Tarehe 20 Mei 2024 nilisikia habari kwamba Pozzuoli imepigwa na tetemeko la kipimo cha 4.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa pale kwa miaka arobaini, na kwamba watu wengi wamehamishwa nyumba zao. Nilitaka kumpigia mtu simu. Nilifungua picha zangu nikahesabu: nguzo, matao, kuta, moshi, bahari, picha sitini na zaidi. Jina la mtu, sikuwa nalo hata moja. Mwaka 2025, mwezi Machi na tena mwezi Juni, yakaja mengine ya kipimo cha 4.6. Kila mara nawakumbuka wale akina mama, nami sijui kama wako salama.

Kutokana na hayo nina maoni matatu, nanyi mtayapima.

La kwanza: tuwe waangalifu tusije tukapenda mawe ya mji kuliko watu wake. Pozzuoli yenyewe inatufundisha hatari hiyo. Juu ya mwamba uliochomoza baharini upo mtaa wa kale uitwao Rione Terra, ambao ndio moyo wa mji. Tarehe 2 Machi 1970, ardhi ilipokuwa ikipanda, askari walifika na kuwaondoa wakazi wote, watu wapatao elfu tatu, wengi wao wavuvi na maskini. Waliambiwa ni kwa ajili ya usalama wao. Volkano haikulipuka, lakini hawakurudi tena. Wengi walipewa makazi katika mitaa mipya mbali na bahari. Baada ya miaka mingi mtaa ulikarabatiwa kwa ustadi mkubwa. Chini yake vimefunuliwa vichochoro vya Kirumi, maduka, na tanuri la mikate pamoja na mawe yake ya kusagia. Juu yake lipo kanisa kuu la Mtakatifu Procolo, lililokuwa zamani hekalu la Kaisari Augusto. Moto wa mwaka 1964 uliunguza kanisa na kuzifichua nguzo za hekalu zilizokuwa zimefichwa ukutani, na tangu lilipofunguliwa tena mwaka 2014, Misa huadhimishwa kati ya nguzo hizo na kuta za kioo. Ni kazi nzuri mno, sina neno la kuilaumu. Lakini nilipotembea katika vichochoro vile jioni ile, madirisha yalikuwa safi na nyuma yake hapakuwa na mtu anayepika. Nguo za kuanika hazikuwepo, wala mtoto aliyeitwa na mama yake. Mawe yamerudi nyumbani, na watoto wa mahali pale wamezeekea kwingine.

Wapo watakaonijibu kwamba watalii huleta riziki, na kwamba magofu hufundisha historia. Ni kweli, nami nimefundishwa na zile nguzo tatu. Ila swali langu ni hili: je, yule aliyezaliwa pale anafaidi nini kwa uzuri wa mahali ambapo hana tena mlango wa kuufungua? Nasi tunaojenga makanisa tujiulize swali hilohilo, tunapopaka rangi kuta huku jumuiya zetu ndogo ndogo zikibaki na watu wawili au watatu.

La pili: tuache kuwahukumu watu wanaoishi karibu na hatari. Nilipowaonyesha watu picha zangu, karibu kila mmoja aliuliza: “Mbona hawahami?” Eneo la hatari kubwa la Campi Flegrei lina watu wapatao nusu milioni. Wahamie wapi wote hao? Halafu ardhi hiyo inayotisha ndiyo iliyowalea. Majivu yake hurutubisha mizabibu. Majivu hayohayo, yakichanganywa na chokaa, hutoa saruji inayokaza hata ndani ya maji, ambayo Warumi waliitumia kujengea bandari zao, na mafundi wa dunia nzima wanaijua kwa jina la pozolana, lililotokana na mji huo. Makaburi ya mababu yako pale. Pale alikata roho kijana Pergolesi mwaka 1736, mwenye umri wa miaka 26, akiwa amekamilisha muziki wa Stabat Mater, ambao kwaya huuimba hadi leo. Mtu hauhami mji wake kama anavyobadilisha shati. Ndugu zetu wa Goma wanalielewa jambo hili kuliko mimi: Januari 2002 mto wa moto kutoka Nyiragongo ulipita katikati ya mji wao, na siku chache baadaye walikuwa wakirudi na kujenga juu ya mawe ambayo hayajapoa vizuri.

Sisemi kwamba imani inatupa ruhusa ya kudharau maonyo. Italia ina kituo cha kuchunguza volkano kilichoanzishwa Vesuvius mwaka 1841, cha kwanza duniani kwa kazi hiyo, na wataalamu wake huipima ardhi ya Pozzuoli mchana na usiku. Wakisema watu waondoke, ni lazima waondoke, na kukataa ni kumjaribu Mungu. Ninachokataa ni ile dharau ya mpita njia, ambaye amekaa saa sita tu mahali, naye anajiona ana busara kuliko watu waliokaa hapo miaka elfu mbili na mia tano.

La tatu, na hili ndilo ninalolikazia zaidi: Mkristo anaposafiri, awatafute ndugu. Turudi kwa Mtume Paulo. Aliposhuka Puteoli mji ulikuwa katika fahari yake. Palikuwa na gati la kustaajabisha. Mwinjili Luka, aliyekuwa naye safarini, hakuandika hata neno moja juu ya hayo. Aliandika kwamba pale walipatikana ndugu, kwamba ndugu hao waliwasihi wakae, na kwamba walikaa nao siku saba. Basi. Mfungwa, pamoja na askari wanaomlinda, akakaribishwa kwa juma zima na watu ambao huenda hawakuwa wamewahi kumwona. Fahari hiyo Luka aliiacha, akatuachia hizo siku saba, na kwa sababu ya siku hizo sisi tunaujua mji ule.

Mimi niliombwa usiku mmoja tu, nikakataa.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa kwenda, nawaomba mambo machache. Kabla ya kuondoka, someni pamoja sura ya 27 na ya 28 ya Matendo ya Mitume. Katika ile karatasi yenu futeni mahali pamoja au pawili, muache saa tupu. Mkifika mji wowote, tafuteni kwanza saa ya Misa ya parokia, si saa ya kufungwa kwa makumbusho. Salini na wenyeji, hata kama lugha inawashinda, kwa maana sala zetu zina mpangilio mmoja na Ekaristi ni ileile. Mkiombwa mketi mezani, ketini. Rudini na rozari kwa ajili ya bibi zenu, ni vema, lakini rudini pia na majina ya watu. Nileteeni majina hayo ofisini, nami naahidi kwamba tutayaweka katika sala za waamini Dominika inayofuata.

Nasi tunaobaki tusifikiri kwamba neno hili halituhusu. Kila Dominika wapo wageni wanaoketi katika viti vya nyuma vya kanisa letu: aliyehamishwa kikazi, mwanafunzi, mama aliyemleta mgonjwa hospitali. Huja, husali, huondoka. Je, yupo miongoni mwetu anayewafuata mlangoni kuwauliza wanalala wapi? Yule mama mzee wa Pozzuoli alifanya hivyo, huku ardhi ikitetemeka chini ya nyumba yake. Yeye na wenzake ni warithi halali wa wale ndugu waliompokea Paulo, na kwa miaka elfu mbili hawajaisahau kazi yao. Aliyesahau ya kwake ni mgeni.

Tuwaombee watu wa Pozzuoli, Mungu aitulize ardhi yao. Mtakatifu Paulo Mtume, Mtakatifu Gennaro na Mtakatifu Procolo, mtuombee.

Nawatakia juma lenye baraka. Tumsifu Yesu Kristo!

Paroko wenu